Monita Imekufa: Jinsi ya Kuifungua na Kuutafuta Ubovu Wake

Monita bapa inapokufa, mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo ndani ya bodi ya umeme: kapasita (kikopo kinachohifadhi chaji) iliyovimba, fyuzi iliyokata, daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyopiga shoti. Kioo, ambacho ndicho chenye thamani, bado kizima. Stoo za shule na ofisi zetu zimejaa monita za namna hii. Kuna nyingine pia zilizofunguliwa bure, zikavunjwa vibanio na kuchanwa nyaya za ndani, kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya wa picha wa VGA. Kwa hiyo utaratibu ninaoufuata ni huu: soma dalili monita ikiwa bado imefungwa, fungua ukiwa unajua unakwenda kutafuta nini, kisha pima. Anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha hutumia pesa nyingi kuliko bei ya monita nyingine ya mtumba.

Maelezo haya yanahusu monita bapa za LCD za inchi 17 mpaka 24, hizi zinazotufikia kwa wingi kutoka Ulaya na Dubai zikiwa zimeshatumika. Monita za chogo sizigusi hapa. Mrija wa chogo hupewa volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa ana kwa ana.

Isome kwanza ikiwa imefungwa

Anza ukutani. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile uone kama kinawaka. Kisha geukia waya wa umeme. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa, zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda, zina fyuzi yake ndani, na fyuzi hiyo hukata kimyakimya. Njia ya haraka ni kuazima waya wa kompyuta iliyo karibu, kwa sababu kichwa chake ni kilekile. Kama monita yako inatumia adapta ya nje, pima volti za adapta kabla ya kufikiria bisibisi. Zipo za volti 12, 14 na 19, na thamani imeandikwa kwenye kibandiko cha adapta yenyewe na mara nyingi nyuma ya monita. Adapta ya volti 19 iliyotoa 11 imekufa, na monita haina kosa.

Baada ya hapo, badilisha waya wa picha. Kwenye VGA, pini ya 1 hubeba rangi nyekundu, ya 2 kijani na ya 3 bluu. Picha ikiwa ya kibluu-kijani kila mahali, nyekundu haifiki. Ikiwa ya zambarau, kijani ndiyo haifiki. Angalia kama kuna pini iliyopinda ndani ya kichwa cha waya. Kisha fungua menyu ya monita yenyewe kwa vitufe vyake. Menyu ikitokea na rangi zake zote safi huku picha ya kompyuta ikiwa na rangi mbovu, kioo kizima na tatizo liko upande wa waya, kiungo cha nyuma au kompyuta. Na maandishi ya "hakuna mawimbi" yakielea kwenye kioo, furahi: umeme, taa, bodi kuu (inayopokea picha) na kioo vyote vinafanya kazi. Usifungue chochote mpaka umejaribu waya mwingine, kompyuta nyingine na kubadilisha chanzo cha picha kwenye menyu.

Waya zote zikiwa salama, dalili zenyewe zitakuambia uende wapi.

Imekufa kabisa, hata kataa (taa ndogo) ka kitufe hakawaki: nenda bodi ya umeme. Kataa kanawakawaka kwa mpigo, au unasikia tik-tik-tik ndani: bodi ya umeme inajaribu kuamka na kitu kinaizuia, ama kapasita mbovu ama shoti mahali fulani. Inahitaji kuwashwa na kuzimwa mara nyingi mpaka "ipate moto" ndipo ikubali: hizo ni kapasita, na ukingoja zaidi itakataa moja kwa moja.

Kataa kanawaka lakini kioo ni cheusi: zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni, karibu kabisa, huku kompyuta ikiwa imewashwa. Ukiona vivuli vya picha au maandishi hafifu, bodi kuu na kioo vinafanya kazi na kilichozimika ni taa za nyuma au bodi inayoziwasha. Jaribio hili halina gharama na linakata uwanja wa kutafuta katikati. Hakuna sababu ya kulikosa. Dalili nyingine ya jamii hiyohiyo ni picha inayotokea vizuri kwa sekunde moja au mbili kisha inazima huku kataa kakibaki kamewaka.

Kioo cheupe kitupu, au cheusi lakini kingo zake zinatoa mwanga kidogo gizani: taa zinawaka ila kioo hakipati umeme wake au hakipati picha. Tofauti ya rangi inatokana na aina ya kioo. Vioo vya TN visipoendeshwa huwa vyeupe, vya IPS na VA huwa vyeusi.

Mstari mwembamba wa wima kutoka juu mpaka chini, doa jeusi linalosambaa, ufa: huo ni ugonjwa wa kioo chenyewe. Mistari ya wima hutokea pale vipande vyembamba vya plastiki vilivyogundishwa ukingoni mwa kioo vinapoachia. Ukibonyeza fremu kwa kidole juu ya mstari, unaweza kuuona ukipotea na kurudi. Wapo wanaobandika sponji hapo na kuuza. Mimi siiti hiyo matengenezo, na gundi ile ya kiwandani haipashwi moto upya na vifaa vya mezani. Monita ya namna hii iweke kando kama chanzo cha vipuri.

Vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota ya kati na ndogo, kadi mbili za benki zilizokwisha muda, mita ya kidijitali yenye kipimo cha daiodi, pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60 na risasi yake, pampu ya kunyonya risasi, spana ya boksi ya milimita 5 kwa zile nati za pembeni ya VGA na DVI, brashi laini, spiriti, na shuka nene au godoro dogo la kulazia kioo. Ukipata mita ya kupima kapasita, hasa inayopima ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita), kazi itakuwa fupi zaidi.

Ongeza vitu viwili ambavyo wanaoanza huvisahau. Kimoja ni rezista (kifaa cha kuzuia mkondo) ya kilo-omu 1 hadi 2 yenye uwezo wa wati 5 au 10, iliyolehemewa nyaya mbili zenye ncha zilizofunikwa vizuri. Kingine ni globu ya zamani, ya kamba ya ndani, ya wati 60 au 100, kwenye kishikio chake. Globu ya LED haifai kwa kazi hii. Matumizi ya vyote viwili yanakuja.

Umeme unaobaki ndani

Chomoa waya wa umeme. Si kuzima kwenye swichi tu. Chomoa kabisa, uweke waya mahali unapouona. Kisha ujue kwamba ndani bado kuna hatari moja. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi nne za mwanzo, hujaza kapasita moja kubwa hadi kama volti 325 za mkondo mnyoofu (DC). Ni kapasita nene kuliko zote kwenye bodi, imeandikwa volti 400 au 450. Kwenye monita inayofanya kazi, chaji hiyo huisha upesi kwa sababu kuna kinachoila. Kwenye monita iliyokufa inaweza kukaa muda mrefu, na monita iliyokufa ndiyo iliyo mezani kwako.

Kwa hiyo ukishafika kwenye bodi, kabla ya kuigusa: shika bodi kwa kingo, gusisha ncha za rezista yako kwenye miguu miwili ya ile kapasita, hesabu sekunde tano, kisha pima kwa mita kwenye kipimo cha volti za mkondo mnyoofu. Ikiwa chini ya volti 5, endelea. Usitumie bisibisi kuunganisha miguu. Utasikia mlio, utaona cheche, utachimba shaba ya bodi, na mkono wako utaruka na kugonga kitu kingine.

Kufungua kasha

Hapa ndipo monita nyingi nzima huvunjiwa, kwa hiyo nenda taratibu. Tandika shuka, hakikisha hakuna screw wala kipande cha waya chini yake, ulaze monita kifudifudi. Toa stendi. Nyingine zina kitufe cha kubonyeza chini ya shingo, nyingine zina screw nne katika mraba wa milimita 75 au 100. Tafuta screw zote za nyuma, pamoja na zile zilizojificha chini ya kifuniko cha bawaba, chini ya kibandiko, au ndani ya mashimo marefu ya chini. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Screw zinazoingia kwenye plastiki na zinazoingia kwenye chuma zina meno tofauti, na ukizichanganya utapasua nguzo za kasha wakati wa kufunga.

Sasa vibanio. Fremu ya mbele na kifuniko cha nyuma hushikana kwa vibanio vya plastiki kuzunguka pande zote, na monita nyingi hazina screw yoyote zaidi ya zile za stendi. Anzia ukingo wa chini. Ingiza kona ya kadi kwenye mfereji, isogeze pembeni mpaka uhisi kibanio, kisha pindisha kadi kwa kuelekea nje. Kikiachia kitalia tak. Acha kadi ya kwanza mahali pake isije ikajifunga, tumia ya pili kusonga mbele. Usiingize bisibisi bapa upande wa kioo, wala usiingize kadi zaidi ya sentimita moja: ukingo wa kioo uko hapo, na shinikizo dogo hapo ni ufa. Upande ukikataa kabisa, simama utafute screw uliyoisahau. Nguvu siyo jibu.

Fremu ikishaachia, iinue polepole. Vitufe vya kuwashia mara nyingi viko kwenye fremu au kifuniko, vimeunganishwa kwa waya mwembamba. Chomoa kiungo chake kwa kushika kichwa cha plastiki, si kwa kuvuta nyaya.

Utakachokiona nyuma ya kioo ni sanduku jembamba la bati. Pembeni mwake kunatoka nyaya za taa za nyuma. Kwenye monita nyingi za kabla ya 2010, taa ni mirija myembamba ya CCFL, na nyaya zake ni nene kiasi, za rangi ya waridi, nyeupe au bluu, zenye viungo vidogo vinavyochomekwa pembeni ya bodi ya umeme. Monita za baadaye zina taa za LED na utaona kiungo kimoja cha nyaya nyembamba kadhaa. Chomoa hizo. Kisha kuna kebo bapa ya picha inayokwenda katikati ya mgongo wa kioo. Baadhi zina vibonyezo viwili pembeni, baadhi zimefunikwa kwa karatasi ya alumini. Bonyeza, vuta sawasawa kwa pande zote mbili. Sasa sanduku la bati linatoka, na kioo unakiweka mahali salama, uso ukiwa juu, mbali na mahali watoto wanapopita.

Fungua sanduku. Kwa kawaida utakuta bodi mbili. Ile yenye soketi ya umeme, transfoma na kapasita kubwa ni bodi ya umeme, na kwenye monita nyingi hiyohiyo ndiyo huwasha taa za nyuma. Ile ndogo yenye viungo vya VGA, DVI au HDMI ni bodi kuu. Toa chaji ya kapasita sasa, kama ilivyoelezwa.

Bodi ya umeme: macho, pua, kisha mita

Angalia kabla ya kupima. Kapasita nzima ina kichwa bapa kabisa. Iliyovimba kichwani hata kidogo, iliyotoa uchafu wa kahawia, au iliyosukuma kizibo chake cha mpira chini hadi ikasimama upande, imekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu, na monita za kipindi hicho bado zinazunguka kwenye maduka ya mitumba. Kapasita zinazokufa zaidi ni zile za upande wa pili wa transfoma, ulio mbali na soketi, za mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) 470 au 1000 na volti 10 hadi 25, hasa zilizopandwa karibu na bati la kupozea joto. Nusa pia. Harufu ya samaki au ya kuungua ina mahali ilipotoka, na mara nyingi utapaona kwa bodi iliyogeuka nyeusi.

Kwa sisi wa pwani kuna ukaguzi wa ziada. Hewa ya chumvi ya Tanga, Unguja au Mombasa huacha ukoga wa kijani kwenye miguu ya vifaa na kwenye viungo vya nyaya, na mahali popote penye joto mende, sisimizi na mijusi huona nyumba. Mjusi aliyelala juu ya upande wa volti 325 hufa papo hapo na kuondoka na fyuzi. Safisha kwa spiriti na brashi, acha ikauke kabisa, ndipo uendelee. Kinyesi cha mende chenyewe hupitisha umeme kikipata unyevu.

Geuza bodi utazame lehemu. Duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa transfoma au soketi ya umeme maana yake lehemu imepasuka. Pasha moto, ongeza risasi mpya.

Kisha mita, umeme ukiwa haupo. Weka kwenye mlio na pima fyuzi iliyo karibu na soketi. Ikipitisha, vizuri. Isipopitisha, tazama kioo chake. Waya uliokatika kwa usafi huenda ulichoka au ulipata mshtuko umeme uliporudi kwa kishindo. Kioo kilichokuwa cheusi au chenye rangi ya fedha ndani kinasema kuna shoti nzito mbele yake, na fyuzi mpya itakwenda njia ileile. Usiweke waya wa kawaida mahali pa fyuzi, wala fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa.

Fyuzi ikiwa nyeusi, pima kwa kipimo cha daiodi, kwa mpangilio huu. Daiodi nne za mwanzo, ambazo mara nyingi ni kifaa kimoja chenye miguu minne: kila daiodi ioneshe kama 0.5 hadi 0.6 upande mmoja, na isipitishe upande wa pili. Varista, ile sahani ya rangi karibu na fyuzi: ikiwa imepasuka, umeme uliingia mkubwa kupita kiasi. Kisha mosfeti (swichi ya kielektroniki ya miguu mitatu) kubwa iliyofungwa kwenye bati upande wa kwanza, yaani wa soketi: mita ikilia kati ya mguu wa kati na wa tatu kwa pande zote mbili, imekufa, na ikifa hivyo hupenda kuondoka na rezista ndogo iliyo kwenye mguu wake wa tatu na wakati mwingine aisii (chipu) inayoiendesha. Badilisha vyote pamoja.

Upande wa pili wa transfoma kuna daiodi za miguu mitatu kwenye bati. Hizi ni za kasi na huonesha thamani ndogo, kama 0.15 hadi 0.3. Sifuri kamili ni shoti, na ndiyo sababu ya ile tik-tik-tik.

Kuna kapasita moja ambayo wengi huiruka kwa sababu haivimbi: ndogo, ya mikrofaradi 10 hadi 47 na volti 50, iko upande wa kwanza karibu na aisii inayoendesha mosfeti. Ikikauka, bodi haiamki kabisa ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kama monita ilizimwa usiku ikakataa asubuhi, na hakuna kilichovimba wala kuungua, mimi huanza nayo.

Unapobadilisha kapasita: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, nyuzi joto 105, na ziwe za aina ya ESR ndogo. Mstari mweupe au wa rangi hafifu ubavuni ni upande wa hasi. Usiamini alama za bodi peke yake, kwani baadhi ya viwanda huchora kinyume. Fuata picha uliyopiga. Iwe umenunua Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, pima kila kapasita kabla ya kuipachika. Zipo zilizokaa dukani miaka mingi, na zipo zilizovikwa ganda jipya.

Kuiwasha ukiwa umeifungua

Usichomeke moja kwa moja. Unganisha ile globu ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa moto, yaani umeme upite kwenye globu kwanza ndipo ufike kwenye bodi. Ukiwasha, globu ikimulika mara moja kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Zima, chomoa, rudi kupima. Globu imekuokolea fyuzi na pengine mosfeti.

Kabla ya kupima ukiwa na umeme, tambua mstari unaogawa bodi. Upande wa soketi umeungana na umeme wa ukutani, hata mabati yake ya kupozea joto. Upande wa pili, baada ya transfoma, uko peke yake. Mara nyingi mpaka umechorwa kwa mstari mnene, na kifaa kidogo cha miguu minne hukaa kikiuvuka. Ukipima upande wa kwanza, waya mweusi wa mita ukae kwenye hasi ya kapasita kubwa. Ukipima upande wa pili, ukae kwenye bati la monita. Ukichanganya, utapata namba za uongo. Tumia mkono mmoja, vaa viatu, na usiguse chochote cha chuma kwa mkono wa pili.

Kapasita kubwa ioneshe kama volti 310 hadi 330. Ukiwa kwenye globu inaweza kuwa pungufu kidogo. Ikiwa sifuri, njia ya kuingilia imekatika: fyuzi, daiodi, au ile sahani nyeusi ya kuzuia msukumo. Ikiwa na volti zake na upande wa pili hauna kitu, basi mwendeshaji wa mosfeti haamki, au anajilinda dhidi ya shoti. Na kumbuka: hali hii ndiyo inayoacha chaji muda mrefu baada ya kuchomoa.

Upande wa pili, tazama kiungo kinachokwenda bodi kuu. Majina huwa yamechapishwa: 5V, kisha 12V, 14V au 16V, GND (hasi), ON au BL kwa kuwasha taa, DIM au ADJ kwa mwanga. Volti 5 ziwe kati ya 4.9 na 5.2 na zisiyumbe. Zikiyumba, chomoa kebo ya bodi kuu na upime tena. Zikitulia baada ya kuchomoa, mla umeme yuko bodi kuu. Zikiendelea kuyumba, bodi ya umeme haijapona.

Taa za nyuma

Umepata volti zote lakini kioo bado cheusi. Pima mguu wa ON: monita ikiwashwa na picha ikiwepo, uwe na volti 3 hadi 5. Kama haupo, bodi kuu haijatoa amri. Unaweza kuitoa mwenyewe kwa muda kwa kuunganisha mguu huo na volti 5 kupitia rezista ya kilo-omu 1, kebo ya bodi kuu ikiwa imechomolewa. Taa zikiwaka, bodi ya umeme imetakasika.

Kwa mirija ya CCFL, ile dalili ya kuwaka sekunde mbili na kuzima ni ulinzi: mrija mmoja ukiacha kuvuta mkondo, bodi huzima yote. Usipime volti za mirija kwa mita ya kawaida. Zinapita mia kadhaa na huvuka elfu wakati wa kuwaka, kwa masafa ya juu, na mita itakufa. Badala yake, chomoa umeme na upime omu za nyaya za upande wa pili za transfoma ndogo zinazowasha mirija. Ziwe na thamani zinazofanana, kwa kawaida mia kadhaa hadi elfu na kidogo. Inayoonesha tofauti kubwa au kutopitisha ndiyo mbovu. Zikilingana, mrija ndio unaoshukiwa. Ncha zake huwa nyeusi au za kahawia. Ndani yake kuna zebaki, ingawa kidogo, kwa hiyo usiuvunje na usiuchome na takataka.

Kwa LED, kamba moja (safu ya taa zilizofuatana) ikikatika ndani, volti za kiendeshaji hupanda ghafla kisha huzima. Testa ya taa za TV, ambayo mafundi wengi wa TV wanayo, itakuonesha kamba isiyowaka bila kufungua kioo. Kukifungua ili kubadilisha taa ni kazi nyingine kabisa: chembe moja ya vumbi kati ya karatasi za mwanga itaonekana kila siku. Kwa monita ya inchi 19 sioni faida yake.

Bodi kuu na kioo

Hapa nakwenda haraka, kwa sababu yasiyohitaji vifaa vya gharama ni machache. Tafuta vidhibiti vidogo vya miguu mitatu vilivyoandikwa 1117 na kufuatiwa na 33 au 18: mguu wa kati utoe volti 3.3 na 1.8. Kimoja kikitoa pungufu na kuchoma kidole, ama kimekufa ama kinachokula mbele yake kina shoti. Monita inayojiwasha na kujizima yenyewe, au menyu inayotembea bila kuguswa, chomoa kwanza kibodi (bodi ndogo) cha vitufe vya monita. Unyevu kwenye vitufe huiga kidole.

Kwa kioo cheupe, pima umeme unaokwenda kwenye kioo kupitia kebo bapa, mara nyingi volti 5. Ukiwepo, fuata hadi kwenye kibodi kirefu kilicho ukingoni mwa kioo na utafute fyuzi ndogo sana iliyoandikwa F. Kabla ya hapo, chomoa na uchomeke tena kebo yenyewe baada ya kusafisha ncha zake kwa spiriti. Nyingi hupona hapo.

Kufunga

Rudisha karatasi ya plastiki inayotenganisha bodi na bati. Bila hiyo mguu wa kapasita utagusa chuma. Hakikisha nyaya za taa hazibanwi na sanduku. Kabla ya kubana fremu, iwashe kwa umeme kamili, uweke picha nyeupe, mwanga wa juu kabisa, na uiache saa mbili. Kifaa dhaifu hujionesha kikipata joto. Ikipita, zima, chomoa, bana fremu kuanzia juu kwenda chini, rudisha screw kwa mpangilio wa picha zako. Ndani ya kifuniko cha nyuma andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na vipuri ulivyobadilisha, ili atakayeifungua tena asianze upya.